Maji ya etangi za Nyankunde, yanapita bado?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye telefone kwa sababu sauti ya redio haifiki mahali mliko, leo sina habari ya mkutano wala ya mgeni wa serikali. Nina habari ya maji.

Ilianza kwa simu. Jioni moja, nilipokwisha kusoma habari za teritwari ya Irumu, mama mmoja alipiga kutoka site ya wahami ya Kigonze, hapa Bunia. Alikuwa amesikia nikisema kwamba kesho yake ninakwenda Nyankunde. Nilidhani ataniuliza nyumba yake, kama mabati yangali juu, au barabara, kama watu wanapita. Wengi huuliza hayo. Yeye akasema: "Mwanangu, ukifika kule chini kwenye etangi, uniangalilie kama maji iko inapita. Na ule ndege wa kuvua, kama angali." Kisha simu ikakatika. Uniti zilikuwa zimekwisha, nadhani.

Kwa wale wasiopajua kwetu, nieleze kidogo. Watangazaji wa Tanzania husema bwawa, sisi tunasema etangi. Bonde lililo chini ya senta ya Nyankunde lilikuwa na etangi nyingi, kubwa na ndogo, zimefuatana kama shanga. Kijito kinashuka kutoka kilimani, kinagawanywa na mfereji mmoja mkuu, na kutoka mfereji huo kila mwenye etangi anachukua maji yake kwa kidirisha kidogo au kwa mwanzi. Maji yanaingia juu, yanazunguka, yanatoka upande wa pili kwa tiyo, yanaingia kwa jirani wa chini. Jirani wa mwisho anayarudisha kijitoni. Kutoka hapo yanakwenda kuutafuta mto Ituri, Ituri unageuka Aruwimi, Aruwimi unaingia katika mto Kongo, na mwisho ni bahari ya Atlantiki. Ukivuka tu milima ile ya mashariki, Monts Bleus, mvua ileile inateremka Ziwa Albert na kwenda na Nile mpaka Misri. Mwalimu wetu wa jiografia alipenda sana kutuambia hilo. Sisi watoto tulikuwa tunatema mate kijitoni ili tuyapeleke Atlantiki.

Watu wengi wanadhani etangi ni maji yaliyosimama. Baba yangu alikuwa anakasirika akisikia hivyo. Alikuwa na etangi mbili, si kubwa, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita kuzitazama. Aliingiza mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika kiwikoni, basi maji ni ya kijani ya kutosha, samaki wana chakula. Kama bado anaviona vidole, alitia samadi na majani kwenye kile kizizi cha miti pembeni. Kisha alisafisha wavu wa tiyo ya kutokea. Kazi ya dakika tano. Jani moja, mfuko mmoja wa plastiki, chura aliyekufa, vyote vinaziba ule wavu, na wavu ukiziba maji yanapanda, yanavuka tuta, na maji yakivuka tuta mara moja, kesho yake yamekwisha kulikata. "Etangi inauawa na maji yake yenyewe," alisema. Alitufundisha pia kutafuta matundu ya kaa. Kaa wa mtoni anachimba katika tuta, unaona shimo dogo kama la kidole, unapuuza, na baada ya mvua tatu samaki wako wote wako kwa jirani.

Samaki wetu walikuwa tilapia, na kambale wachache waliojiingiza wenyewe. Nakumbuka jinsi baba alivyotuonyesha mama wa tilapia akikusanya watoto wake mdomoni kivuli cha mtu kikipita, halafu akiwatema tena hatari ikiisha. Tulikuwa tunasimama na kuondoka, tunasimama na kuondoka, mpaka tunafukuzwa.

Na ndege. Yule mama aliyepiga simu alikuwa anamsema ndege mdogo mweusi na mweupe, mwenye mdomo mrefu, anayesimama hewani juu ya maji akipiga mabawa bila kwenda mbele, kisha anajitupa chini kama jiwe. Kiswahili cha vitabu kinamwita mdiria. Baba hakumpenda, kwa sababu alikula samaki wadogo. Lakini hakumfukuza pia. Alisema ndege huyu hapotezi wakati wake mahali pasipo na kitu.

Tarehe 5 Septemba 2002 nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi. Yaliyotokea Nyankunde siku ile na siku zilizofuata, katika hospitali na katika senta, wenye kuyaona wameyasema, na sitayarudia hapa. Kuna wasomaji wetu ambao wanasoma haya wakiwa na watoto pembeni. Nitasema jambo moja tu. Tulipoondoka hakuna aliyefunga maji. Maji ya mfereji yaliendelea kuingia kwenye etangi za watu ambao walikuwa porini wakitembea kuelekea Oicha. Majani yakaanguka kwenye nyavu, na hakukuwa na mtu wa kuyaondoa ile asubuhi ya pili, wala ya tatu. Tuliporudi baada ya miaka, matuta yetu yote mawili yalikuwa na pengo katikati, kama meno ya mzee.

Hatukuwa wa kwanza. Wakati wa Wabelgiji, tilapia zilifugwa nchi nzima, na hesabu za mwisho wa miaka ya 1950 zilitaja etangi zaidi ya 100,000 katika Kongo. Baada ya 1960 nyingi zikaachwa. Wazee wetu wakachimba tena, vita ikaja, zikaachwa tena. Wengine wakachimba mara ya tatu, baba yangu akiwa miongoni mwao. Halafu miaka hii ya karibuni bunduki zikarudi Irumu, na ndiyo sababu mama yule leo yuko Kigonze chini ya bashi.

Basi, nilikwenda. Unafuata barabara ya Komanda, unaiacha Marabo, unaingia Nyankunde. Kazi iliyonipeleka ilikuwa nyingine, niliimaliza saa sita, nikashuka bondeni na kijana mmoja wa pale anayejua mipaka ya kila mtu.

Etangi ya juu kabisa ilikuwa nzima. Maji ya kijani, tuta limefyekwa, wavu umesafishwa. Nilitia mkono, kiganja kilipotea mahali baba angekubali. Na juu ya mti mkavu alikuwa amekaa yule ndege, mweusi na mweupe. Nilimpiga picha lakini telefone yangu ni ya zamani, anaonekana kama doa. Mtanisamehe.

Tulipoteremka, mambo yalianza kubadilika. Etangi ya tatu na ya nne zilikuwa na maji, ila yamesimama, rangi ya chai, na matete yameingia mpaka katikati. Vyura walikuwa wengi, wanaruka kila tulipoweka mguu. Hapo mdiria hakuwapo. Kulikuwa na ndege mwingine, wa rangi ya kahawia, kichwa kama nyundo, anatembea taratibu kwenye matope na kukoroga kwa mguu. Huyo anaitwa fundichuma, na sisi tuliokulia kijijini tunajua kile kiota chake kikubwa cha vijiti, mtoto anaweza kukaa ndani. Chakula chake anachokipenda ni chura na watoto wa chura. Nikaelewa bila kuambiwa: hapa samaki wamekwisha. Ndege wamebadilishana zamu. Katika mita mia mbili unaweza kusoma nani amerudi nyumbani na nani hajarudi, na huhitaji kumuuliza shefu wa mtaa.

Etangi ya yule mama ni karibu ya mwisho. Haina maji. Katikati ya sakafu yake vijana wawili wamepanda lengalenga, mistari mizuri, kijani imekolea kwa sababu matope ya etangi ya zamani yana mbolea ya miaka. Pembeni, mahali wanapokanyaga wakibeba bidoni za kumwagilia, kulikuwa na vishimo vya nyayo vilivyojaa maji safi. Niliinama. Ndani yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza, vimelala sambamba na uso wa maji. Hao ndio anofelesi, wenye malaria. Wale wengine wa mitaro michafu hubinuka kichwa chini.

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka miwili iliyopita, kwenye mikrofoni hiihii, nilisoma tangazo lililosema kwamba maji yanayokusanyika karibu na nyumba yanaleta malaria na yafukiwe. Tangazo lenyewe halikuwa baya. Mimi ndiye niliyeongeza, kwa kichwa changu, "hata zile etangi za zamani." Nilitaka mfano wa karibu. Baada ya hapo nilisikia kwamba watu fulani walianza kutupa takataka kwenye etangi za wenzao walio ukimbizini, wakisema redio imeruhusu. Nesi mmoja wa kwetu akaniita akaniambia, kwa adabu lakini bila kucheka, kwamba nilisema nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ni hii. Huko Kisii, magharibi ya Kenya, nchi ya vilima na mvua kama yetu, watafiti waliweka tilapia kwenye etangi wakahesabu viluwiluwi vya mbu. Baada ya wiki 15, mbu wa malaria walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Walitoa matokeo hayo mwaka 2007. Mwaka uliofuata wakaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo: mahali ambapo watu waliacha kufuga samaki, etangi zao zikazaa mbu wa malaria kuliko zile zilizokuwa na mwenyewe. Samaki anakula viluwiluwi, na mwenye etangi anafyeka majani ya kando ambamo mbu na konokono hujificha. Konokono nao si wageni wazuri, baadhi yao ndio wanaobeba kichocho. Kwa hiyo hatari iko katika etangi iliyoachwa, si katika kila etangi. Ninalisema hili sasa kwa sauti ileile niliyotumia kukosea: msitupe takataka kwenye etangi za watu.

Nilizungumza na wale vijana wa lengalenga. Mmoja aliacha kumwagilia, akasimama na bidoni mkononi kana kwamba nimekuja na polisi. "Tuliikuta kavu, yaya. Tungefanya nini? Mama akirudi tutatoka." Nao ni wahami, wametoka kijiji kingine, wanakaa kwa mjomba wao. Sikuona uongo usoni mwake. Ila nilijiuliza: kavu kwa nini? Kijito hakikukauka, nilikisikia.

Tukapanda tena, safari hii kwa kuufuata mfereji wenyewe. Sehemu moja kaa walikuwa wamechimba, nusu ya maji yanapotelea kwenye majani. Sehemu nyingine tope lilikuwa limejaza mfereji, na miti midogo imeota ndani. Na juu kabisa, pale kwenye etangi ile nzuri yenye mdiria, mfereji mkuu ulikuwa umefungwa kwa magunia ya mchanga. Maji yote yanaingia kwa mzee mmoja. Yanayobaki yanadondoka chini kama bomba bovu.

Nilikuwa tayari na hasira yangu. Mwandishi akipata magunia ya mchanga anafikiri amepata habari. Mzee alinikaribisha kiti, akanipa ndizi, akaniacha niseme. Kisha akauliza: "Ule mfereji unaujua ni wa watu wangapi?" Nikasema sijui. Akahesabu kwa vidole, akitaja kila mmoja na mahali alipo sasa: huyu Bunia, huyu Beni, huyu amekufa, watoto wake wako Uganda, huyu Komanda. Walikuwa kumi na wawili. "Zamani tulikuwa na salongo kila mwezi. Kila mtu anasafisha kipande chake, kuanzia kilimani mpaka chini. Sasa niko peke yangu. Nina miaka sabini. Nikiyaacha maji yaende chini, yanafika nusu ya njia, yanavunja, yanaingia shamba la mtu, na mimi ndiye ninayeitwa kwa shefu." Akanionyesha pia kilima. Upande ambao zamani ulikuwa na miti sasa umekatwa makala. Mvua ikinyesha, maji yanakuja mekundu kwa saa mbili, na tope. Kisha kijito kinapungua kuliko alivyowahi kukiona. "Magunia si ukorofi, mwanangu. Nilitaka angalau moja ibaki hai, ili mbegu ya samaki isipotee. Watakaporudi wachukue kwangu."

Sina uhakika kama magunia yote yalikuwa ya huruma. Samaki wake anawauza, na bei ya samaki si ndogo siku hizi. Lakini mikono yake niliiona.

Watu wa Bunia wasicheke. Ninyi mna Ngezi na Nyamukau zinazopita katikati ya muji, na mvua kubwa ikinyesha tazameni kinachoelea: chupa za plastiki, sashe, viatu vya upande mmoja. Kila nyumba inaamini kwamba takataka zake zikifika mtaroni zimekwisha. Hapo pia kuna mtu wa juu na mtu wa chini.

Nilirudi Bunia kesho yake, nikaenda Kigonze badala ya kupiga simu. Sikutaka uniti zikate jambo lile katikati. Nilimkuta mama anapepeta mchele nje. Nilimwambia yote kwa mpangilio wa bonde, kuanzia juu: ndege yupo, lakini kwa mzee. Vyura. Fundichuma. Kisha kwake. Nilipofika kwenye lengalenga nilipunguza sauti, naye akacheka. "Zimeota vizuri?" Nikasema vizuri sana. "Basi matope yangu hayajafa." Akaniambia niwaambie vijana wavune, wasiogope, wasipande tu mihogo wala kitu chochote cha kukaa mwaka, kwa sababu mizizi inatoboa tuta. Juu ya magunia alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yule mzee na marehemu mume wake walichimba mfereji ule pamoja, na kwamba kila mara alikuwa mgumu kutoa maji lakini hakuwahi kumnyima mtu mbegu.

Aliniuliza kama anaweza kurudi. Hilo, wasikilizaji wangu, siwezi kulijibu kwenye redio wala pembeni ya redio. Barabara ya leo si ya kesho, na mimi si mwenye kujua bunduki ziko wapi. Nilimwambia nilichokiona kwa macho yangu siku moja, kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Hakunisukuma zaidi.

Ila mtoto wake mkubwa yuko Marabo, anaendesha moto. Akampigia pale pale kwa telefone yangu. Mazungumzo yalikuwa marefu kuliko uniti nilizotarajia kupoteza, na mengi yalikuwa ya kumgombeza. Mwisho wake kijana alikubali kupanda Nyankunde Jumamosi na jembe. Wale wawili wa lengalenga nao nimewapigia, wamekubali kusafisha kipande cha mama kwa kuwa wanakula kwenye udongo wake. Mzee wa juu amesema akiona watu wanne kwenye mfereji ataondoa gunia moja. Moja tu, kwanza. Nikimwona wa tano, alisema, tutazungumza juu ya la pili.

Kwa hiyo wale wenu wenye kipande kwenye mfereji ule, mko Beni, mko Komanda, mko hapa ISP au Kigonze, na mna ndugu karibu na Nyankunde, mpigieni. Mwambieni ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, kuanzia kilimani kushuka.

Nilipokuwa ninaaga, mama alinirudisha. Alikuwa amesahau jambo. Tiyo yake ya chini, ile ya kutoa maji yote siku ya kuvua, mume wake aliifunika kwa jiwe bapa wakati wa kukimbia, ili wezi wa vyuma wasiione. Iko hatua tatu kutoka kwenye shina la mwembe, upande wa kijito. Vijana wachimbe polepole, kwa mkono, wasiitoboe kwa jembe.

Nimeliandika kwenye daftari. Na nimeazima koleo kwa jirani, ili mzee wa juu apate wa tano wake.